Viazi mviringo nyumbani Dar: udongo upi, na mwezi gani

Kila masika yakielekea ukingoni, watu wa Tabata, Mbezi, Kigamboni na Chanika huniuliza swali lile lile: viazi mviringo, hivi vya chipsi, vinaweza kuota nyumbani Dar? Kuota vinaota. Fukia kimoja nyuma ya jiko mwezi wowote, utaona majani. Kazi ni kuvifanya vizae. Mkulima wa Njombe au Lushoto ana baridi ya milimani inayomsaidia bila malipo. Sisi wa pwani hatuna, kwa hiyo tunabaki na mambo mawili ambayo tunaweza kuyapanga wenyewe: mwezi wa kupanda na udongo wa kupandia.

Nianze na joto, maana ndilo linaloamua utafute udongo wa namna gani. Kiazi ni shina lililovimba chini ya ardhi kwa kuhifadhi wanga. Mchana majani hutengeneza sukari. Usiku mmea hupumua na kutumia sehemu ya sukari hiyo, na kinachobaki ndicho kinachoshuka chini kujaza kiazi. Usiku ukiwa wa joto, sukari nyingi huishia kwenye kupumua, na hata ile ishara inayouamsha mmea uanze kutunga viazi hufifia. Viazi hutunga vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Udongo ukikaribia nyuzi 30, kutunga kunakoma. Sasa fikiria Februari ya Dar: mchana nyuzi 32, usiku 24 au zaidi. Julai, kusi ikivuma, usiku hushuka hadi 18 au 20. Nafasi yetu iko hapo, na ni finyu.

Ndiyo maana nawaambia watu wapande kuanzia katikati ya Mei, mvua kubwa zikipungua, hadi mwanzoni mwa Juni. Mbegu iliyokwisha kuchipua hutokeza juu ya ardhi baada ya wiki mbili au tatu, na wiki chache baadaye huanza kutunga. Hesabu hiyo inaangukia Julai, wakati usiku una ubaridi. Mama mmoja wa Tabata alipanda Oktoba, akaniita Desemba: "Bwanashamba, majani yananifika kiunoni, mbona chini hamna kitu?" Tulipofukua tulikuta vigololi. Mbolea ilikuwepo, maji yalikuwepo, alimwagilia kwa moyo wote. Kilichokosekana ni ubaridi wa usiku, na huo hauuzwi dukani.

Turudi kwenye udongo. Kiazi kinahitaji udongo uliolegea ili kivimbe bila kubanwa, unaopitisha maji haraka lakini unabaki na unyevu, na usiopata joto upesi. Sifa hizo tatu hazipatikani pamoja kirahisi hapa mjini. Mchanga mweupe wa Kigamboni na maeneo mengi ya ufukweni umelegea vizuri, ila haushiki maji wala chakula, na jua la saa saba huupasha joto mpaka chini. Mfinyanzi wa mabondeni hushika maji kupita kiasi. Kiazi kinaoza, na ukikauka unakibana kama saruji. Udongo mwekundu wa kichanga kutoka miinuko ya Pugu na Kisarawe ndio ninaoupenda zaidi kuanzia, kwa sharti kwamba utaongezewa mboji.

Huhitaji maabara kujua ulichonacho. Chota konzi moja ya udongo, uloweshe kidogo, toa vijiwe, uufinyange. Ukimwagika vidoleni bila kushikana, ni mchanga mtupu. Ukishikana, ubinye kati ya kidole gumba na cha shahada, uusukume utoke utepe. Utepe ukikatika ukiwa na sentimita mbili au tatu, na bado unahisi chengachenga za mchanga, huo ni tifutifu, anza nao. Ukifika sentimita tano bila kukatika na unang'aa ukiupapasa, ni mfinyanzi, uache kwa wafinyanzi. Kisha chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishaisha lijaze tena. Yale ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, usipande hapo. Panda kwenye tuta lililoinuliwa au kwenye kiroba.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wa Msasani, Kunduchi na Mbweni wasikiruke. Chini ya viwanja vingi vya huko kuna mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Viazi hupenda udongo wenye tindikali kidogo, pH ya 5 hadi 6.5 (pH ni kipimo cha tindikali: ikipanda, tindikali inapungua). Chukua udongo mkavu kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa nyingi, na viazi vyako vitatoka na magamba makavu ya kahawia kwenye ganda. Hapo majivu ya jikoni hayafai hata kidogo, kwa sababu yanapandisha pH zaidi. Tafuta udongo wa kutoka kwingine, upande kwenye viroba. Mwenye eneo kubwa na anayetaka kujua kwa namba, apeleke sampuli maabara: Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hupima udongo, na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, ndicho kituo cha utafiti wa udongo.

Kuhusu ule "udongo mweusi" unaoletwa na kirikuu hadi mlangoni: weusi pekee si ushahidi wa rutuba. Muulize muuzaji umechimbwa wapi. Udongo wa kandokando ya Msimbazi siupendekezi kwa chakula chochote, sembuse kinachokua ndani ya udongo wenyewe; mto ule umepokea taka za viwanda na za majumbani kwa miaka mingi. Muulize pia kilipandwa nini. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu na pilipili ni ndugu wa kiazi, na wote hushambuliwa na mnyauko wa bakteria, ambao hukaa udongoni kwa miaka. Mmea unanyauka ghafla ukiwa bado kijani, siku mbili tatu basi. Ukiushuku, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi iliyotulia, ncha iliyokatwa iguse maji tu. Subiri dakika chache ukitazama dhidi ya mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka polepole kutoka kwenye shina, ni bakteria hao. Ng'oa mmea pamoja na udongo wake, uutoe nyumbani, na sehemu hiyo usirudishe chochote cha ukoo huo.

Mchanganyiko ninaopendekeza kwa kiroba: ndoo tatu za tifutifu, mbili za mboji iliyoiva au samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na moja ya mapumba ya mpunga au vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi yaoshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi kwa kuwa yanaweza kuwa na chumvi. Samadi mbichi iache, inaleta magamba kwenye viazi. Mbolea ya kuku, itumie kiganja kimoja tu kwa kiroba, iliyokaa miezi kadhaa: ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ikizidi inakupa majani.

Kiroba chenyewe kiwe salfeti nyeupe, ile ya unga au sukari. Plastiki nyeusi inapika mizizi. Toboa chini, kiweke juu ya matofali mawili ili kisilale kwenye sakafu ya saruji inayotoa joto hadi usiku, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane mchana. Jaza theluthi, weka mbegu mbili au tatu, funika kwa sentimita kumi, kisha ongeza udongo kidogo kidogo mimea inavyorefuka na utandaze nyasi kavu juu. Kuongeza udongo kunakinga viazi visipate mwanga na kuwa kijani, maana kiazi kijani kina sumu na hakiliwi. Ila usiamini picha za gunia lililojaa viazi toka chini hadi juu. Aina nyingi hutunga karibu na pale mbegu ilipozikwa, basi.

Mbegu, kwa ufupi: nunua mbegu iliyothibitishwa ukiipata. Kiazi cha sokoni kinaweza kubeba mnyauko bila kuonyesha dalili yoyote. Chagua vya ukubwa wa yai, viweke kwenye mwanga hafifu mpaka vitoe machipukizi mafupi, manene. Usivikate, kwa joto letu vipande huoza kabla ya kuota.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na kiazi hakiivumilii vizuri. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na kingo za majani zinaungua, badilisha maji: ya bomba au ya mvua uliyokinga. Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu sawasawa. Ukiuacha ukauke kabisa kisha ukaulowesha kwa ghafla, viazi hupasuka.

Kama unasoma haya Oktoba na una hamu ya kupanda kesho, panda viazi vitamu. Vinalipenda joto hili na kichanga hiki, havishiriki mnyauko na ukoo wa nyanya, na matembele utayachuma wakati unasubiri. Kata marando ya sentimita 30 kutoka shamba lenye afya, yalaze kwenye tuta, funika nusu.

Wa Mei, vuna baada ya siku 90 hadi 110, majani yakigeuka njano. Acha kumwagilia wiki mbili kabla ili ganda likomae. Ukikisugua kiazi kwa kidole gumba na ganda halichubuki, muda umefika. Vikaushe kivulini, vihifadhi gizani. Udongo ule usiutupe: uchanganye na mboji mpya, upande kunde au mchicha, na ukae angalau misimu mitatu kabla ya kuona tena kiazi au nyanya.