Chaguo la kifo katika gemu za hadithi: maana yake

Chaguo la kifo ni pale gemu inayosimulia hadithi inapoweka uhai wa mhusika mikononi mwa mchezaji, kisha ikamtaka aamue: huyu aokolewe au aachwe, ama kati ya wawili hawa ni yupi atakayebaki nyuma. Usilichanganye na mauaji ya kawaida ya gemu. Katika gemu za vita maadui huanguka kwa mamia, hawana majina, na kila anayeanguka anakuongezea alama. Kwenye chaguo la kifo anayekufa ana jina na ana watu wake, umekaa naye saa kadhaa ukimsikiliza, na gemu haikuambii jibu sahihi ni lipi.

Mfano mmoja mashuhuri uko katika The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, iliyotoka kwa sehemu tano mwaka 2012. Kwenye sehemu ya kwanza, kundi la manusura limejificha ndani ya duka la dawa mjini Macon, jimbo la Georgia, Marekani. Wafu wanaotembea wanavunja na kuingia. Doug, kijana wa kompyuta na vifaa vya umeme, ameshikwa dirishani. Carley, mwandishi wa habari mwenye shabaha kali, amekamatwa mguu na bastola yake imeisha risasi. Wewe ni Lee, na unaweza kumfikia mmoja tu. Muda unakimbia na hakuna kitufe cha kuomba nafasi ya kufikiri. Sehemu ikiisha unaonyeshwa asilimia ya wachezaji wengine waliofanya kama wewe.

Anayeokolewa hapo hafiki mbali. Awe Doug au Carley, katika sehemu ya tatu anapigwa risasi na mwenzao mmoja na kufa. Ndipo wachezaji hulalamika kwamba wamechezewa shere: kama wote wanakufa, mimi nilichagua nini? Mpangilio huo una sababu ya kikazi. Kila mhusika anayebaki hai anahitaji mazungumzo ya kuandikwa, sauti za kurekodiwa na matukio ya kuchorwa. Machaguo kumi tu yenye njia mbili mbili, yakiachwa yatanuke, yanazaa hadithi 1,024. Kwa hiyo waandishi huziacha njia zigawanyike kidogo, halafu huzikusanya tena. Lakini malalamiko yenyewe siyakubali. Pale dukani hukuulizwa nani atafika mwisho wa hadithi. Uliulizwa, ukiwa na sekunde chache, utamkimbilia nani na kwa nini. Risasi ya baadaye haifuti jibu hilo.

Na kwenye hiyo "kwa nini" ndiko maadili yanakoanzia. Katika Mass Effect ya BioWare, ya mwaka 2007, kamanda Shepard anafika kwenye sayari ya Virmire na lazima mmoja wa askari wake wawili, Kaidan au Ashley, aachwe afe. Mchezaji mmoja anamwacha Kaidan kwa sababu kikosi chake tayari kina mtu mwenye uwezo kama wa Kaidan. Mwingine anamwacha huyo huyo kwa sababu anakumbuka Ashley akimsimulia habari za wadogo zake watatu. Matokeo ni yale yale, ila wa kwanza amepiga hesabu ya kikosi na wa pili ameamua juu ya mtu. Mass Effect 2, ya 2010, iliegemea upande wa hesabu: ukiimarisha chombo chako cha angani, ukawasaidia wenzako kumaliza mambo yanayowasumbua, na kila mmoja ukampa kazi inayomfaa, wote wanarudi wazima. Ni gemu tamu sana. Hata hivyo kifo pale ni adhabu ya maandalizi mabovu, na anayeijua njia hapotezi mtu.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya kifo hakiishi siku mtu anapokata roho. Kuna mwili wa kusafirishwa hadi nyumbani, michango, usiku wa matanga, hotuba, na minong'ono kuhusu nani alichelewa kumpeleka marehemu hospitali. Nadhani ndiyo maana mchezaji wa Kisumu au Kakamega anaitambua upesi gemu inayomtupa maiti. Mtu anaanguka, muziki wa huzuni unalia kidogo, na tukio linalofuata wenzake wanataniana kana kwamba hakuwahi kuwa nao. Mass Effect 3, ya mwaka 2012, ilijua adabu ya jambo hili: ndani ya chombo kuna ukuta wa majina ya waliofariki, na uliyemwacha Virmire gemu mbili nyuma ameandikwa pale. Unapita mbele yake ukienda shughuli zako. Chaguo linalowaachia walio hai kazi ya kuomboleza ni zito kuliko lile linaloisha na mlio wa risasi.

Kwangu mimi, chaguo lililotungwa vizuri kuliko yote halimo katika gemu ya vita. Limo katika Life is Strange ya studio ya Kifaransa Dontnod, ya mwaka 2015. Max, msichana wa shule anayesomea upigaji picha, ana uwezo wa kurudisha muda nyuma, kwa hiyo tangu mwanzo umezoea kujaribu jibu, kuliona limeharibika, na kurudi kujaribu jingine. Kisha Kate, mwanafunzi mwenzake aliyedhalilishwa kwa video iliyosambazwa shuleni, anapanda juu ya paa la bweni akitaka kujitoa uhai. Max anamfikia, na hapo hapo uwezo wake unakauka. Kila unalomwambia Kate limeshasemwa. Ukitaka kumshawishi ashuke, inakusaidia kujua ni nani katika familia yake wa kumtaja. Ukimtaja baba au dada zake anasikia, ukimtaja mama unamuumiza zaidi. Habari hizo zilikuwa chumbani mwake saa kadhaa kabla, kwa yeyote aliyejali kuangalia picha na kusoma barua. Gemu inakuuliza kama ulimtazama mtu huyu wakati hakukuwa na haraka. Sijaona gemu nyingine iliyolifunga jambo hilo na kitufe kwa uhodari kiasi hicho.

Vifo vingine husababishwa na vidole tu. Until Dawn, ya mwaka 2015, ina vijana wanane mlimani, na wote wanaweza kupona au kufa. Kuna mahali unatakiwa kuishika padi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, bila kutikisika hata kidogo, la sivyo mhusika anagunduliwa. Kwenye kibanda cha PlayStation pale Kondele, Kisumu, mwenzako akikugusa kiwiko kwenye benchi, mtu anakufa. Huo ni ustadi, au bahati mbaya, na hakuna wa kulaumiwa kimaadili. Lakini gemu hiyo hiyo ina Chris, anayelazimishwa kuchagua kati ya kujielekezea bastola mwenyewe na kumwelekezea Ashley (si yule wa Mass Effect), msichana anayempenda. Akimpiga Ashley, bastola haina risasi ya kweli na Ashley anapona. Baadaye Chris anakimbilia mlangoni akifukuzwa, na Ashley anaweza kukataa kumfungulia. Hapo kuna lawama.

Vibandani, kusema kweli, gemu za mpira ndizo zenye benchi. Wateja wanalipia mechi, na hadithi inayochukua saa kumi kuimaliza haiuziki kwa mechi. Ila siku mtu anapolipia saa na kuweka hadithi, chaguo linakuwa la baraza. "Omera, muache huyo, anatuchelewesha!" mmoja anapaza sauti, mwingine anapinga, na mwenye padi anaamua huku wote wanamtazama. Watungaji walimfikiria mchezaji aliye peke yake chumbani. Kwenye benchi inabidi ujieleze, na aliyemwokoa mtu kwa ajili ya silaha zake tu anaambiwa hivyo usoni.

Wengi hukwepa uzito huu kwa kusevu, yaani kuhifadhi gemu ilipofikia, kabla ya tukio, kisha kurudi nyuma. Gemu nyingi zinakuachia. Undertale ya Toby Fox, ya 2015, haikuachii: ukimuua Toriel, mlezi anayekutunza mwanzoni, ukarudi ukamwacha hai, ua linaloitwa Flowey linakutokea na kukuambia linajua ulichofanya.

Asiye na PlayStation anaweza kuanza na This War of Mine, iliyotungwa na 11 bit studios ya Poland mwaka 2014 na ambayo ipo pia kwa simu. Imechochewa na kuzingirwa kwa mji wa Sarajevo, Bosnia, katika vita vya miaka ya 1990, na unawaongoza raia wanaotafuta chakula na dawa. Kuna nyumba ya wazee wawili, mume na mke, wenye vyote viwili, na hawana uwezo wa kukuzuia. Ukiwaibia, mwizi na wenzake wanaweza kuzama katika huzuni hata kama matumbo yamejaa. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kwamba itaiweka kwenye orodha ya kazi za kusomwa shuleni, kwa wanafunzi wakubwa. Mwalimu wa fasihi wa Kisumu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu moja na kipindi kimoja: aiweke nyumba ile ya wazee mbele ya darasa, aseme mwenzao mmoja ni mgonjwa na dawa hakuna, kisha kila atakayejibu atoe sababu.