Kumbeba mtoto kwa baiskeli: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nilikulia Tanga, mji ambao baiskeli haimshangazi mtu. Baba alitupeleka chuoni, yaani madrasa, kwa baiskeli yake, mmoja kwenye bomba la mbele, mwingine kwenye keria. Sasa naishi Utrecht, Uholanzi, na wanangu wawili huenda shule ndani ya sanduku la mbao lililo mbele ya usukani, kwenye baiskeli ya mizigo ambayo Waholanzi huiita bakfiets. Kila nikituma picha nyumbani, au kila Mswahili mwenzangu akihamia huku na kuanza kutafuta baiskeli ya familia, nasikia maneno yaleyale. Mengine hayana madhara. Mengine huumiza watoto, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

"Hiyo ni anasa ya Wazungu"

Kuhusu bei siwezi kubisha: mpya yenye mota ya umeme ni euro elfu kadhaa. Lakini chombo chenyewe kilizaliwa kazini. Denmark walikuwa na Long John tangu miaka ya 1920, baiskeli ndefu yenye jukwaa la chini kati ya mwendeshaji na gurudumu la mbele, na Uholanzi waoka mikate na wauza maziwa walizungusha bidhaa zao mitaani kwa bakfiets. Magari yakaja, zikapungua. Mwaka 1984, huko Christiania, mtaa wa Copenhagen usioruhusu magari, Lars Engstrøm alimuundia mwenzake Annie Lerche baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Wazazi wengine waliiona, nao wakaitaka. Aliyewahi kuona guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, likipanda kilima cha Dar es Salaam na shehena yake hahitaji kuelezwa zaidi. Tena kampuni ya Yuba ya California iliwahi kuuza baiskeli ya familia yenye keria ndefu iitwayo Boda Boda, jina lililotoka mpakani mwa Kenya na Uganda.

"Yenye magurudumu matatu haianguki"

Hili nalisikia kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu wanunue wasichokihitaji. Ikiwa imesimama, ni kweli kabisa: watoto watapanda, watashuka, watagombania nafasi, nayo haitikisiki. Shida iko kwenye kona. Baiskeli ya magurudumu mawili hulala kidogo upande unaokata, na uzito wote unabaki juu ya matairi. Ya matatu ya kawaida hailali. Ukikata kona kwa kasi uzito husukumwa nje, gurudumu la ndani linanyanyuka, na mwili wako uliozoea kulalia kona unataka kufanya jambo ambalo chombo hakikubali. Ndiyo maana mtu aliyeendesha baiskeli maisha yake yote huhangaika nayo siku za mwanzo. Na kinyume na wengi wanavyodhani, sanduku likiwa tupu hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu uzito mkubwa uliobaki ni wako wewe, na wewe umekaa nyuma penye gurudumu moja. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje kufika katikati yake, na uinamishe kiwiliwili kuelekea ndani. Siku hizi zipo za magurudumu matatu zinazolala kama za mawili, ila bei yake hupanda.

Ya magurudumu mawili nayo ina udhaifu wake, tena wakati usioutarajia: ikienda polepole sana au ikisimama. Wiki ya kwanza, yangu ililala ubavu mbele ya geti la shule, watoto wakiwa ndani wamefunga mikanda. Ukuta wa sanduku ulipokea kishindo, hakuna aliyechubuka, lakini moyo wangu ulikaa kooni siku nzima. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia afanye mazoezi jioni moja na kiroba cha mchele cha kilo 20 kabla ya kumpakia mtoto, na aangalie stendi: iwe ya miguu miwili, pana, si ule mguu mmoja wa pembeni.

"Mtoto mchanga mfunge mgongoni kwa kanga, mwende"

Mbeleko ni ya kutembea. Juu ya baiskeli, ukianguka, mtoto anaanguka nawe kutoka kimo chako chote, na huenda ukamlalia. Kofia ngumu nayo haimfai mtoto ambaye shingo haijakomaa, maana uzito wake unamvuta kichwa. Viti vya nyuma vinavyofuata kiwango cha Ulaya cha EN 14344 ni vya watoto wa kilo 9 hadi 22, nao sharti wawe wanakaa wenyewe bila kushikwa. Wengi hufikia hapo karibu na miezi tisa. Madaktari wa watoto wa Marekani wao husema subiri atimize mwaka. Najua mzazi amechoka na anataka kutoka nyumbani, nami nilichoka hivyohivyo, lakini miezi hiyo inapita.

"Keria ni keria"

Hapa natamani nyumbani wanisikilize zaidi kuliko huku. Keria nyingi za kawaida zimegongwa namba, mara nyingi kilo 25. Mtoto wa miaka mitano pamoja na kiti chake anakaribia hapo, kwa hiyo habari ya kupakia mshikaki, yaani kurundika watu kadhaa kwenye baiskeli moja, iishe. Lakini uzito si jambo linalonitisha zaidi. Linalonitisha ni spoki. Mguu wa mtoto unaning'inia, anasinzia au anageuka kutazama kitu, unyayo unaingia kati ya spoki na fremu, na gurudumu linaendelea kuzunguka. Ngozi ya kisigino huchanika, wakati mwingine mfupa huvunjika. Uholanzi jeraha hili ni la kawaida kiasi kwamba lina jina lake, spaakletsel. Tanga halina jina, lakini nilisoma na mvulana aliyekuwa na kovu lake kisiginoni, nasi sote tulijua limetokana na nini.

Kinga yake ni rahisi kupita yote niliyoandika hapa: kifuniko cha plastiki au wavu unaoziba spoki pande zote mbili, na vikanyagio vyenye mkanda wa kushika mguu. Waholanzi waliziba magurudumu yao zamani ili makoti na sketi zisinaswe, na sisi tunaovaa kanga na baibui tuna sababu ileile. Fundi wa mtaani anaweza kuifanya kazi hiyo kwa wavu mgumu na waya.

Kuhusu umeme nitasema kidogo tu, kwani wanaodai kwamba baiskeli ya mota ni pikipiki hawajaipanda. Sheria za Ulaya huitaka mota isizidi wati 250, isaidie pale tu unapokanyaga, na iache kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa.

"Ataanza na vigurudumu vya pembeni"

Vigurudumu hivyo humfundisha mtoto kukanyaga pedali, jambo jepesi, na humnyima mizani, ambayo ndiyo ngumu. Anazoea kukaa wima kwenye kona, kisha siku vinapoondolewa anaanza upya. Mwaka 1817, kule Mannheim, Karl von Drais alipanda chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali, akikisukuma kwa miguu ardhini. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuanzia palepale. Si lazima ununue kipya: chukua baiskeli ndogo yoyote, ng'oa pedali, shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kama mishale ya saa inavyokwenda, kinyume na nati za kawaida, kwa hiyo usiilazimishe. Akishaweza kuteremka mteremko mdogo miguu ikiwa juu, mrudishie pedali zake.

Mwisho, kwa wanaosema iliyotumika ni sawa na mpya ilimradi rangi inang'aa. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi iliamuru kampuni moja kubwa isimamishe mauzo ya baiskeli zake za mizigo, kwa kuwa fremu zilikuwa zikivunjika. Za mitumba bado huzunguka. Kabla ya kulipa, tafuta aina na mwaka wake kwenye orodha ya zilizorudishwa kiwandani, kisha ipindue, futa matope, pitisha kidole kwenye kila kiungo cha kulehemu karibu na usukani. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba mahali hapo inatosha kukufanya urudi nyumbani na pesa zako.