Kwenda kwa mwanasaikolojia si ukichaa

Katika familia nyingi za Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) nchini Marekani, kwenda kwa mwanasaikolojia huonekana ni mambo ya "loco", yaani kichaa. Mwenye huzuni huambiwa amwombe Mungu, ajikaze. Inaeleweka: ya nyumbani hayatolewi nje. Ila wengi wanaotibiwa wana sonona au wasiwasi, na asubuhi wanaamkia kazini kama kawaida. Sala na tiba, kwa maoni yangu, hazigombani.

Bibi anayelalamikia "nervios", neno la Kihispania la hali ya wasiwasi, usingizi hauji, moyo unamdunda, mikono inatetemeka, anataja dalili ambazo daktari anazijua. Unataka kuhakikisha? Muulize daktari wa kawaida kama zinatibika. Au piga 988, simu ya msaada kwa wenye shida kubwa ya akili au mawazo ya kujiua, ukiwa huko Marekani, bonyeza 2: wanapokea kwa Kihispania, mchana na usiku.