Kilpeck: angalia upenuni kabla hujaingia

Wageni wengi wakifika kwenye kanisa la kale huenda moja kwa moja mlangoni. Wanaingia, wanaipiga picha madhabahu, wanatoka. Mimi kazi yangu ni kukarabati majengo ya mawe, na kazi imenizoesha kuanza nje: nazunguka ukuta taratibu, shingo nimeinua, mpaka nirudi nilipoanzia. Kwa Kanisa la Kilpeck, huko Herefordshire, Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, mzunguko huo mmoja unaweza kukumalizia saa nzima.

Kijiji chenyewe ni kidogo, kama kilomita 14 kusini-magharibi mwa mji wa Hereford. Kanisa lilijengwa mnamo 1140 hivi, zama za Wanormani, watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, nalo si kubwa: sehemu ya waumini, sehemu ya mapadri, kisha ukuta wa mashariki uliopinda nusu duara. Kwa umri, maandishi ya Kikufi (hati ya kale ya Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja yana tarehe inayoangukia mwaka 1107. Majengo haya mawili ni marika.

Sasa inua macho. Chini ya paa, ukuta umezungukwa na mawe yaliyochomoza, na kila jiwe lina sura yake. Mwanzo yalikuwa 91, yamebaki 85. Mbwa na sungura wamekaa shavu kwa shavu kama wanaopigwa picha ya harusi. Yupo mpiga ala ya nyuzi. Yupo Mwanakondoo wa Mungu na msalaba wake, ila fundi kamtoa kama farasi. Na yupo mwanamke mwenye macho makubwa, akipanua utupu wake kwa mikono miwili. Mchongo wa namna hii huitwa sheela na gig. Wapo wataalamu wanaosema ni onyo dhidi ya zinaa, wapo wanaosema ni kinga ya kufukuza mabaya, na ubishi haujesha. Mimi nilichokitazama sana ni mahali alipo: kwenye ule ukuta uliopinda, nyuma ya madhabahu yenyewe. Aliyemweka pale hakuwa anamficha.

Mlango wa kusini unataka muda wake. Juu yake, kwenye nusu duara chini ya matao, umechongwa mzabibu. Miimo ina nyoka na majoka yanayomezana, na kwenye nguzo moja wamo askari wawili, mmoja juu ya mwenzake, wamevaa suruali na kofia zilizochongoka, wamenaswa na mizabibu. Mikunjo ya nguo inahesabika. Baada ya miaka karibu 900! Kila nikitazama najiuliza fundi alikuwa na tindo nyembamba kiasi gani.

Swali la kifundi ni jinsi mikunjo ile ilivyopona. Jiwe la Kilpeck ni la mchanga, jekundu, na la mchanga ni chembe zilizoshikamana. Maji yakipenya, kisha usiku wa baridi yakaganda, yanatanuka na kubandua ganda la juu. Nakshi yote iko kwenye ganda hilo. Kwetu pwani jiwe la matumbawe huliwa na chumvi. Kule mlaji ni barafu. Jiwe la Kilpeck lina bahati ya kuwa gumu kuliko mengi ya jamii yake, na vile vichwa vya juu vimejificha upenuni. Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu: kabla hujashika tindo, angalia mvua itapita wapi.

Ndani usikae sana, ila tazama tao la kuingilia sehemu ya mapadri: kila upande watakatifu watatu wamesimama mmoja juu ya kichwa cha mwingine. Ukitoka, nyuma ya kanisa kuna kilima cha ngome ya Wanormani chenye vipande vya ukuta. Nyasi zake huwa na maji, vaa buti.

Hereford mjini, nenda kanisa kuu ukaone ramani ya dunia ya mnamo 1300, iliyochorwa kwenye ngozi moja ya ndama. Mashariki iko juu, Yerusalemu katikati, na majina ya Afrika na Ulaya yamebadilishana mahali. Ukingoni mwa Afrika wamechorwa watu wasio na vichwa, nyuso zao ziko vifuani. Nilicheka peke yangu: miaka hiyohiyo Kilwa ilikuwa ikiuza dhahabu. Pembeni kuna maktaba ambayo vitabu vyake bado vimefungwa minyororo.

Kisha, ukiwa na gari, panda kaskazini hadi Shobdon. Huko palikuwa na kanisa la nakshi za mkono uleule, au wa mafundi wa kundi lilelile. Miaka ya 1750 lilibomolewa, likajengwa jipya jeupe lililorembwa kama keki (zuri kwa namna yake, sikatai), na matao ya zamani yakapelekwa mlimani kuwa pambo la bustani ya bwana mkubwa. Hayakuwekewa paa. Mchoraji mmoja aliyachora, na michoro yake ikachapishwa mwaka 1852. Ndani yake unaona sura na majani. Leo sehemu kubwa imelainika kama sabuni iliyotumika.

Kilpeck nenda asubuhi, upige picha ya wale askari wawili wa mlangoni. Ukifika Shobdon, iweke simu kando ya nguzo na ujaribu kutafuta suruali. Mimi nilitafuta kama dakika kumi, nikapata kitu ambacho pengine kilikuwa goti.