Vikovu Vimekauka, Sufuria Lisubiri Kwanza

"Daktari, mbona vidonda vimeshapona?" Kliniki haipiti bila mtu kuniuliza hivyo, na mara nyingi ni watu wa kazi za nguvu: mafundi, wabeba mizigo, wapishi wa shughuli. Wiki ya tatu tangu wafanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwa matundu madogo, ili wapungue uzito, wanaona vikovu vichache tu na wanashangaa kwa nini bado nawazuia. Nawaelewa. Anayelipwa kwa siku, wiki sita za kukaa nyumbani ni ndefu mno.

Ngozi huwahi kupona. Chini yake kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, nao pia ulitobolewa. Ukinyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50 unabana pumzi, msukumo tumboni unapanda, na utumbo unaweza kuchomoza kwenye tundu ambalo halijashika vizuri. Hiyo ni ngiri, na mara nyingi inakurudisha chumba cha upasuaji. Ndiyo maana vitu vizito tunavizuia kwa wiki 4 hadi 6, wakati mtu wa ofisini huwa amesharudi kazini kitambo.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni maji.

Mama mmoja, mpishi wa harusi, alirudi jikoni wiki ya saba kwa ruhusa yangu. Kuni zinawaka, jasho linamtiririka. Zamani angeshusha jagi zima kwa mkupuo. Sasa mfuko wake umebaki kama robo tu, na akigugumia maji kifua kinambana, anatapika. Basi akaacha kunywa. Saa nane mchana kizunguzungu kikampata kando ya sufuria la pilau, wakamdaka. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Tena alikuwa bado anameza dozi ileile ya dawa za presha ya kabla ya upasuaji, na uzito ulishashuka sana, na presha hushuka nao. Hilo nilipaswa kuliangalia kabla ya kumruhusu, na linaniuma hadi leo.

Siku hizi anatembea na chupa ya nusu lita aliyoichora mistari mitano kwa kalamu. Kila robo saa anashusha mstari mmoja, kifunda kwa kifunda. Akila, anasubiri nusu saa ndipo anywe.

Nguvu nazo hazirudi zenyewe, kwani mwili unaopungua haraka unapunguza na misuli. Tunalenga gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, kwa hiyo samaki, dagaa, maharage na mtindi vitangulie, wali ufuate kama nafasi ipo. Kunyanyua tunaanza na ndoo ya lita 5, tukipandisha taratibu, na pumzi inatolewa wakati wa kuinua.

Mgongo ukiuma, tafadhali usikimbilie diklofenaki, ile dawa ya maumivu, hasa kama kwenye upasuaji huo utumbo wako uliunganishwa upya na mfuko wa chakula. Inaweza kuchimba kidonda pale pale kwenye maungio. Uliza kwanza.

Na kwenye barua ya mwajiri sikuhizi siandiki "kazi nyepesi", maana kuna msimamizi aliyeona nusu ndoo ya zege ni nyepesi. Naandika kilo na tarehe: asibebe zaidi ya kilo 5 hadi siku fulani.