Mvuvi Anayetazama Mwezi Mara Moja Tu

Mzazi mmoja kutoka Ujiji alifika kwenye darasa letu la Scratch, lugha ya kuwafundishia watoto kutunga programu za kompyuta, akamkuta mwanawe anamtembeza paka wa rangi ya chungwa kwenye kioo cha kompyuta. "Mwalimu, huyu namtolea nauli kila Jumamosi aje kucheza?" Swali lake ni la haki, na siku ile nilimjibu harakaharaka. Leo nijibu vizuri.

Lugha nyingi za programu huandikwa kwa herufi, tena kwa maneno ya Kiingereza. Ukisahau mabano au nukta moja, programu nzima inagoma. Mtoto anayeanza humaliza kipindi akisaka alama iliyopotea, wazo lenyewe hajaligusa. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, inamwondolea mzigo huo. Kila amri ni kipande chenye rangi na umbo lake. Unakiburuta kwa kipanya, unakipachika chini ya kingine. Kanuni za lugha zimefichwa kwenye maumbo. Kipande cha "kama" kina tundu la pembe sita, na kinachoingia humo ni swali la ndiyo au hapana tu. Kipande cha namba ni cha mviringo, na hapo hakiingii hata ulazimishe.

Wazo la kumrahisishia mtoto kutunga programu lina umri. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, na wenzake walianzisha lugha ya Logo mwaka 1967, ambayo baadaye ilipata kobe wake, anayechora kwa kufuata amri za mtoto.

Ila vipande havizuii makosa yote, na ndiyo sababu navipenda. Hapa Kigoma mtoto hahitaji kuelezwa kwamba mbalamwezi ikitanda wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti tena samaki. Basi tunawapa kazi: wekeni mtumbwi ziwani, na namba ya siku za mwezi mwandamo inayopanda kila sekunde. Namba ikizidi 11 na ikiwa chini ya 19, mtumbwi urudi mwaloni. Wanapachika kipande cha "kama", wanabonyeza bendera ya kijani ya kuanzisha programu, namba inapanda: 12, 14, 17. Mtumbwi umetulia palepale katikati ya maji.

Hakuna kipande kilichokataa kupachikwa. Kosa ni kwamba "kama" imewekwa nje ya kipande cha kurudia, kile kinachorudia amri zilizo ndani yake, kwa hiyo kompyuta iliuliza mara moja tu, siku ya kwanza, ikapata jibu la hapana, ikanyamaza. Binti mmoja aliangua kicheko: "Mvuvi gani huyu, anatazama mwezi mara moja halafu basi?" Akaingiza "kama" ndani ya kurudia, mtumbwi ukarudi. Watu wazima wanaoandika programu kwa mshahara hulifanya kosa hilohilo.

Nisichokipenda ni mwalimu kuchora vipande ubaoni na darasa zima likanakili. Hapo kweli ni mchezo, tena mbaya.

Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, lipo toleo la Scratch la kusakinishwa kwenye kompyuta: lipakue mara moja mjini, libebe kwa flashi. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Scratch imelenga watoto wa miaka 8 hadi 16; wadogo wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr ya tableti, ambayo haihitaji kujua kusoma. Mwanafunzi akianza kulalamika kwamba kuburuta vipande kunamchelewesha, mpe Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa herufi.

Na wewe mzazi wa Ujiji, ukimkuta tena na yule paka, mwonyeshe kipande kimoja umuulize: nikikitoa hiki, itakuwaje? Subiri kwanza ajibu, ndipo mkitoe pamoja.