Je, Wajua Kwa Nini Mlima Mrefu Zaidi Si Lazima Uwe Bora kwa Darubini Kubwa?

Muulize mtu yeyote darubini ya kutazamia nyota ijengwe wapi, atakujibu upesi: mlimani, mbali na taa za mji. Hajakosea. Lakini ipo milima mingi yenye giza totoro ambayo wanaastronomia hawaitaki hata kwa bure, kwa sababu hewa yake haitulii.

Nyota humeremeta kwa kuwa mwanga wake hupita katika mafungu ya hewa yenye joto tofauti, na kila fungu huupinda kidogo. Darubini huiona nyota hiyo kama doa lililotapakaa, na upana wa doa hupimwa kwa sekunde za tao. Sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii moja. Doa likiwa na upana wa sekunde 1, kioo cha mita 8 hakionyeshi undani zaidi kuliko kioo cha sentimita 10, ingawa hukusanya mwanga mwingi mno kukizidi. Doa likipungua hadi nusu sekunde, muda wa kupiga picha ya nyota hafifu hushuka hadi karibu robo. Siku hizi vipo vioo vinavyobadili umbo mara mamia kwa sekunde ili kuusahihisha mwanga, lakini navyo hufanya kazi vyema zaidi hewa ikiwa imekwisha kutulia yenyewe.

Mahali panaposakwa hasa ni kilele kilichojitenga, karibu na bahari, kwenye upande unaotoka upepo. Upepo uliosafiri juu ya maji hufika laini. Uliovuka safu za milima hufika umevurugika. Tena bahari ikiwa ya baridi, hewa ya chini hupoa na ile ya joto huikalia juu kama kifuniko, mawingu yakabaki chini ya kilele. Pwani ya kaskazini ya Chile ina yote hayo, pamoja na jangwa la Atacama.

Upimaji huanza na picha za setilaiti, ili kujua ni usiku ngapi hauna mawingu. Kisha hupelekwa darubini ndogo na kusimamishwa juu ya mnara wa mita kadhaa, kwani tabaka la hewa linalogusa ardhi ndilo baya kuliko yote, na darubini kubwa yenyewe itakaa juu zaidi. Mdomo wake hufunikwa kwa kifuniko chenye matundu mawili, nyota moja ikatoa nukta mbili. Upepo ukiutikisa mnara, nukta zote husogea pamoja, na mtikisiko huo hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni umbali kati ya nukta unavyobadilika, maana huo hubadilishwa na hewa peke yake. Kazi hii huchukua miaka: ukipima mwaka mmoja tu, El Niño inaweza kukupa picha ya uongo kabisa.

Urefu nao una kazi yake. Mvuke wa maji humeza mionzi ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na mawimbi ya redio ya milimita, na sehemu kubwa ya mvuke huo iko chini. Ndiyo sababu antena za ALMA, darubini ya mawimbi hayo ya milimita, zimewekwa Chajnantor, Chile, kwenye mita 5,000. Huko kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani na akili ya binadamu huzubaa, hivyo waendeshaji hukaa kituo cha chini, kwenye mita 2,900 hivi. Darubini ya ELT, yenye kioo cha mita 39, inajengwa Cerro Armazones, pia Chile, mita 3,046 tu. Kilele chake kilianza kulipuliwa kwa baruti mwaka 2014 ili kupata uwanja, na jengo linahitaji vifyonza mitetemo, maana Chile ni nchi ya matetemeko.

Vipimo vizuri havitoshi, hata hivyo. Mradi wa Thirty Meter Telescope, yaani darubini ya kioo cha mita 30, ulipima milima mitano katika Chile, Mexico na Hawaii, ukachagua Mauna Kea, Hawaii, mwaka 2009. Wenyeji wa Hawaii wengi, ambao mlima huo kwao ni mtakatifu, walizuia ujenzi mwaka 2015 na tena 2019. Mahali pa akiba ni La Palma, katika Visiwa vya Kanari, ambako sheria ya mwaka 1988 inadhibiti taa za nje. Ila pale ni takriban mita 2,250, mvuke ni mwingi kuliko Mauna Kea, na sehemu ya kazi ya infraredi ingepotea.